Mwili wa Kufundishia

Homa ilimwingia Ma Nyamwiza mwenyewe akiwa hana habari. Alikuwa shambani kwake akipalilia migomba, anaimba, mgongo umemnyooka, bangili nyeupe ya chuo ikiwa mkononi. Aliyeiona homa hiyo alikuwa ng'ambo ya bonde, katika maabara ya Chuo cha Tiba Nyarwele. Alikuwa Kemilembe, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, ameketi mbele ya kioo kilichomwonyesha damu za wazee wake wote.

"Wazee wangu" ndivyo alivyozoea kuwaita. Aliwatafuta mwenyewe, nyumba kwa nyumba, akitafuna buni za kukaanga alizokaribishwa na kueleza utafiti wake kwa lugha ya nyumbani. Aliwakuta wengine hawawezi kupanda kizingiti cha mlango wao. Ma Nyamwiza alimkuta kitandani, magoti yamevimba, anabebwa kupelekwa msalani. Sasa Ma Nyamwiza alikuwa anapalilia migomba.

Kilichomnyanyua ni walinzi. Hizo zilikuwa chembe ndogo kuliko seli ya damu, zilizotengenezwa maabara na kudungwa kwa sindano. Zikishaingia, hujificha kwenye uboho wa mifupa, kisha hutoka kuzunguka mwili mzima zikiziondoa seli chakavu, zile zinazogoma kufa na kubaki zikiwachafua majirani zao. Hiyo ilikuwa kazi ya Profesa Mujuni ya miaka mingi. Kemilembe aliongeza jambo moja tu, ambalo ndilo lililokuwa tasnifu yake. Aliwafanya walinzi waambizane. Walinzi wa mwili mmoja wakikutana na ugonjwa mgeni, wakapambana nao mpaka wakaujua, bangili ya mgonjwa huyasoma waliyojifunza na kuyapeleka kwenye mtambo wa maabara. Mtambo nao huyasambaza kwenye bangili nyingine zote. Wanafunzi waliliita jambo hilo somo. Mzee mmoja akipatwa na mafua mapya, wenzake wote wanakuwa wameshajua namna ya kuyafukuza.

Mpaka siku ile masomo yalikuwa ya mafua, ya kuhara, ya vidonda vya miguu. Hakuna aliyekuwa ameumia kwa kuwafundisha wengine.

Kemilembe aliitazama tena ile alama kwenye kioo, akaipima upya, akaipima na kwa mtambo wa pili. Kisha akaenda kumgongea profesa wake.

"Homa ya bondeni," alisema, hata salamu akaisahau. "Imeingia kwa Ma Nyamwiza. Ndiyo kwanza imeanza. Hajahisi chochote."

Profesa Mujuni alivua miwani akaiweka mezani. Alikuwa mtu wa maneno machache. Homa hiyo ilikuja na mvua za masika miaka michache nyuma, ikiletwa na mbu wa kwenye mafunjo, na katika wazee wa kwanza iliowaondoa alikuwamo mama yake mzazi. Vijana iliwalaza siku mbili tatu wakaamka. Wazee iliwachagua, na wengi iliowachagua hawakuamka.

"Dripu ipo?" aliuliza.

"Ipo. Nikimtundikia leo, virusi vitakwisha vyote."

"Na walinzi wake watakuwa hawajajifunza kitu."

"Najua, Profesa."

"Na wale watatu wa figo?"

Hilo ndilo Kemilembe alilokuwa akilikwepa tangu alipoinuka kwenye kiti chake. Dripu ile ilikuwa dawa ya kweli, lakini ilizibebesha figo mzigo mkubwa, na katika wazee wake walikuwamo watatu ambao figo zao zisingeuweza. Homa ikiwapata hao, dawa yenyewe ingewaua. Tumaini lao lilikuwa somo tu. Wa kwanza wao, Ta Rwechungura, alikaa chini kabisa ya mteremko, karibu na mafunjo.

"Tusubiri," alisema Profesa. "Walinzi wa Ma Nyamwiza wana nguvu kuliko wa wote. Pengine wataishinda wenyewe, na wenzake wapone kwa ajili yake."

"Na pengine hawataishinda. Dripu ikichelewa haifanyi kazi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nakumbuka nilichowafundisha."

"Basi nikamwulize mwenyewe."

"Hapana." Profesa aliinuka akaenda kusimama dirishani. "Nisikilize, Kemilembe. Ukitaka kumpa dawa, mpe, ukae kimya. Ukitaka kusubiri, tusubiri, tukae kimya. Lolote kati ya hayo nitalibeba pamoja nawe. Lakini usimpelekee yule mama swali hili. Swali hili tumelitengeneza sisi hapa ndani. Ukimpelekea, hata akipona hatapona."

Kemilembe aliyaona maneno yale kuwa ya huruma, wala hayakuwa ya hila, na ndiyo maana yalimwuma. Mwishowe alisema, "Mwili ni wake, Profesa," akatoka.

*

Ma Nyamwiza alimpokea kwa furaha, akafuta udongo mikononi kwa kanga, akaingia ndani kuleta kikapu kidogo cha buni.

"Umekonda," alisema. "Kusoma gani huku kusikokwisha? Kaa."

Kemilembe alikaa, akachukua buni moja, akashindwa kuitia mdomoni. Akamweleza yote. Hakuficha homa, wala dripu, wala somo, wala figo. Alipolifikia jina la Ta Rwechungura, mama yule aliacha kutafuna.

"Nikitiwa hiyo dawa nitapona?"

"Ndiyo, Ma. Nina hakika."

"Nisipotiwa?"

"Sijui. Kweli sijui."

"Na Rwechungura?"

"Homa isipomfikia, hana neno. Ikimfikia akiwa hana somo, sioni cha kumpa."

Kuku alikuja akadonoa miguuni pao, akaondoka zake.

"Rwechungura ndiye aliyemchimbia kaburi mume wangu," alisema Ma Nyamwiza taratibu. "Mvua inanyesha, vijana wamekimbilia barazani, yeye yuko shimoni peke yake anachimba. Unalijua hilo?"

"Silijui, Ma."

"Sasa unalijua." Akamtazama usoni. "Ulipokuja na sindano zako uliniambia nitapata nguvu. Uliniambia magonjwa tutafundishana. Mimi nikadhani ni kama watu wanavyofundishana kusuka mikeka. Hukuniambia kwamba siku moja nitakuwa ubao, niandikwe mpaka nivunjike, ili wengine wasome."

"Sikufikiri mbali kiasi hicho."

"Umesoma miaka yote hiyo, halafu hukufikiri?"

Kemilembe aliinamisha kichwa.

Ma Nyamwiza aliinuka, akauchukua mpini wa jembe lake lililoegemezwa ukutani, akaushika tu, kama mtu anayepima uzito wa kitu. Kisha machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Nimelala miaka nikitazama paa," alisema. "Niliijua misumari yake yote. Wajukuu walikuwa wakija kunisalimia, wanasimama mlangoni kwa sababu ya harufu. Sasa naamka, najipikia, najichotea maji yangu. Sijamaliza kufurahi, mwanangu. Mtu mwema angesema ngoja nimfie Rwechungura. Mimi nataka kuishi. Nipe dawa."

"Nitakupa, Ma."

"Na usimwambie mtu kwamba uliniuliza."

"Profesa anajua nilikuja kukuuliza. Mwingine sitamwambia."

Alimtundikia dripu pale pale, chupa ikining'inia kwenye kenchi ya paa, akakaa naye mpaka tone la mwisho. Kwenye kioo kidogo alichokuja nacho, alama ya homa ilififia kidogo kidogo, ikafutika. Walinzi walikuwa ndiyo kwanza wameanza kuutambua ule ugonjwa, na sasa hawakuwa na wa kupambana naye.

Kutoka hapo Kemilembe aliteremka moja kwa moja hadi kwa Ta Rwechungura. Alimkuta zizini akibishana na ndama. Alikuwa mzee mrefu, mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka kwa majirani.

"Babu, homa imefika bondeni," alimwambia. "Nakuomba uhamie kwa binti yako Asimwe mjini mpaka mvua zipungue."

"Nihamie mjini nikafanye nini? Asimwe kutwa yuko juu ya mapaa ya watu anawafungia umeme wa jua. Nimkalie ukutani kama picha?"

"Hali yako ni tofauti, babu. Homa hii ikikupata, dawa yake huwezi kutumia."

"Si nina askari wako mwilini?"

"Hawaijui homa hii bado."

Ta Rwechungura alicheka, akampiga ndama kofi la mapenzi ubavuni. "Wataijua. Askari gani asiyejifunza vita?"

Kemilembe alimfungia chandarua kipya kwa mikono yake, akapulizia dawa ya mbu vyumba vyote, akampigia Asimwe simu amshawishi baba yake. Asimwe alijaribu. Mzee alihamia mjini, akakaa kidogo, akatoroka kurudi kwa ng'ombe wake.

*

Alipougua, hakuugua kwa kelele. Walinzi walizuia joto lisipande, kama walivyofundishwa kufanya kwa mafua, na yeye akaendelea kukamua na kuchanja kuni huku ugonjwa ukienea ndani. Bangili ndiyo iliyotoa taarifa. Kemilembe na wenzake walimfuata kwa gari la chuo, wakamkuta anakasirika kwamba wamemkatiza kazi.

Hospitalini alipewa kitanda cha karibu na dirisha. Madaktari waliujadili upya uwezekano wa dripu, wakazipima figo zake, wakatazamana, wakaiacha. Wakampa maji, hewa, na dawa za kupunguza maumivu. Mengine yote waliachiwa walinzi.

Asimwe alikuja na nguo zake za kazi, vumbi la mapaa bado limo nyweleni. Alikuwa mtoto pekee wa mzee yule. Alikaa upande mmoja wa kitanda, Kemilembe upande wa pili.

"Wanapigana?" mzee aliuliza mara moja, sauti imekwisha kuwa ndogo.

"Wanapigana, babu."

"Nawasikia. Wanapiga humu." Akagusa kifua. Akajaribu kucheka, kikohozi kikamzuia. "Waambie wasikimbie."

Kemilembe alikuwa na kioo kidogo mkononi, na ndani yake aliwaona walinzi wakifanya kile alichowatengeneza wakifanye. Walivizunguka virusi, wakashindwa, wakabadilika, wakarudi. Kila waliporudi walikuwa wamejua kidogo zaidi. Na kila waliporudi mwili uliokuwa uwanja wao ulikuwa umechoka zaidi. Aliitambua kasi ya kila upande. Alijua upande upi utatangulia.

Ta Rwechungura alikata roho asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu, binti yake akimshika mkono. Hakusema neno la mwisho. Alivuta pumzi, akaishusha, hakuivuta nyingine. Asimwe alimwita, "Baba," akamwita tena, kisha akalala juu ya kifua chake.

Na asubuhi ile ile, kwenye kioo cha maabara, somo la homa ya bondeni likawa limekamilika.

*

"Lisambaze," alisema Profesa Mujuni.

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Kemilembe, macho mekundu. Hakuwa amelala tangu mzee alipolazwa. Somo lilikuwa pale mbele yao, zima, limejaribiwa kwenye damu ya maabara, na katika kila jaribio virusi vilikuwa vimekufa.

"Si letu," alijibu Kemilembe.

"Ni la nani?"

"Ni lake."

"Amekufa, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo kabla.

"Basi ni la binti yake. Ta Rwechungura hakuna aliyemwuliza, Profesa. Ma Nyamwiza aliulizwa akasema hapana. Huyu, mwili wake tumeutumia bila kumwuliza, kwa sababu tu hakuwa na dawa ya kuchagua."

"Bado wapo wale wawili wenye figo mbovu. Mbu wapo vilevile."

"Ndiyo maana naenda sasa hivi."

"Na akikataa?"

Kemilembe alivaa koti lake. Swali hilo alikuwa ameshajiuliza njia nzima kutoka hospitalini, na hakulipatia jibu. Profesa alikaa kwenye kile kiti kitupu, akaweka mikono magotini. "Nitakuwa hapa," alisema. "Nipigie simu, akikubali, akikataa."

Njiani, pale barabara inapoanza kuteremka, Kemilembe alimwona Ma Nyamwiza akitembea peke yake kuelekea msibani, amejifunga kanga mbili. Alisimamisha gari. Mama yule hakupanda. Alishika mlango akainama dirishani.

"Kwa nini uliniambia?"

Kemilembe alizima gari.

"Ungenipa dawa ukanyamaza," alisema Ma Nyamwiza, "leo ningekwenda kumlilia Rwechungura kama watu wengine. Sasa nakwenda kumlilia kama nani?"

"Nisamehe, Ma."

"Sijaja kutaka samahani. Nataka kujua, ungefanya tena?"

Kemilembe alifikiri, kwa maana aliona kwamba mama yule anastahili jibu lililofikiriwa.

"Ningefanya tena," alisema. "Ila ningekuambia mapema, siku ile ya sindano ya kwanza, wakati bado ungeweza kunifukuza."

Ma Nyamwiza alifungua mlango akapanda.

Uwanja wa marehemu ulikuwa umejaa. Ndani, wanawake walikaa sakafuni juu ya majani makavu yaliyotandikwa, Asimwe katikati yao, macho yamevimba. Kemilembe alipiga magoti mbele yake, akampa pole, akamwomba watoke kidogo nje wazungumze.

"Sema hapa hapa," alisema Asimwe. "Sina nguvu za kuinuka."

Basi akasema hapo hapo. Alimwambia kwamba mwili wa baba yake, kabla haujashindwa, ulikuwa umejifunza ile homa, na kwamba ulichojifunza kingeweza kuwakinga wengine wote. Hawakutaka kukitumia kabla ya kumwuliza yeye.

Asimwe aliuliza kile Kemilembe alichokuwa akikingoja.

"Kama baba angekuwa nalo hilo somo, angepona?"

"Naamini angepona."

"Lingeweza kupatikana mapema?"

"Lingeweza. Yupo mtu aliyeugua kabla yake. Ningemwacha augue, pengine lingepatikana. Nilimweleza ukweli wote, akachagua dawa. Mimi ndiye niliyempa."

Minong'ono ikapita kwa wanawake. Mmoja alijishika kichwa.

"Nani?" aliuliza Asimwe.

"Siwezi kukuambia."

"Baba yangu amelala humo ndani, nawe unaniambia huwezi?"

"Nilimwahidi. Ukitaka wa kumlaumu, ni mimi. Mimi ndiye niliyeutengeneza mtambo huu."

"Ni mimi," alisema Ma Nyamwiza.

Alikuwa bado amesimama mlangoni. Hakuna aliyegeuka haraka. Waligeuka mmoja mmoja, kama watu wasiotaka kuona.

"Aliniuliza, nikasema nataka kuishi," aliendelea. "Nilijua kuwa ni Rwechungura. Jina lake nilitajiwa. Nilijua, na bado nikasema hivyo. Sikuja kujitetea."

Wanaume waliokuwa wakizungumza barazani walisogea kuchungulia dirishani.

Asimwe alimtazama mama yule kutoka miguuni hadi usoni. Kisha akarudisha macho kwa Kemilembe.

"Baba aliulizwa?"

"Hakuulizwa."

"Basi sasa mimi ndiye naulizwa kwa niaba yake."

"Ndiyo."

"Nikikubali, litamfikia na huyu?"

"Litamfikia. Siwezi kumtenga mtu, na hata ningeweza nisingefanya."

Asimwe alifumba macho.

"Mpelekeeni kila mtu," alisema hatimaye. "Sitaki msiba mwingine kama huu ukae juu ya jina la baba."

Kemilembe alitoa simu, akasema neno moja tu, "Amekubali," na upande wa pili Profesa Mujuni alisikika akivuta kiti karibu na mtambo.

Homa ilikaa bondeni masika yote, na katika wazee wenye bangili hakuzikwa mwingine kwa sababu yake. Kemilembe naye alirudi nyumba kwa nyumba, safari hii bila sindano, akimweleza kila mmoja kwamba mwili wake unaweza kuja kuwa wa kufundishia na kwamba atakuwa na haki ya kukataa. Baadhi walivua bangili wakamrudishia. Tasnifu yake ilichelewa sana, wenzake wakahitimu wakamwacha. Hakuna aliyemsikia akilalamika.

Lakini hayo yalikuwa bado mbele. Msibani, Ma Nyamwiza aligeuka aondoke. Alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje ya kizingiti pale Asimwe alipomwita.

"Ma."

Mama yule alisimama bila kugeuka.

"Sijui kama nitaweza kukusamehe," alisema Asimwe. "Sijui kabisa." Akasogea kidogo pale chini, mwanamke aliyekuwa pembeni yake naye akasogea, nafasi ikapatikana kwenye yale majani. "Kaa kwanza."